Nukta Nyekundu Ndani ya Amplifaya

Harufu ya ubani hainisumbui nikiisikia msikitini wala kwenye nyumba ya harusi. Hunisumbua nikiisikia ndani ya gari. Nikipanda gari lililofukizwa, viti vyake vikawa vimepigwa na jua la saa nane, harufu ile ikachanganyika na joto la plastiki na vumbi la mazulia, basi narudi Changamwe, mwaka ule nilipokuwa darasa la nne, mwishoni mwa miaka ya themanini. Mkono wangu hutafuta kioo nikishushe kabla sijajua ninalolifanya. Madereva hudhani naona joto, nami huwaacha wadhani hivyo, kwa sababu si desturi yangu kumweleza mtu nisiyemjua habari zangu. Desturi hiyo nayo niliitoa kulekule.

Nyumba yetu ilikuwa Magongo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na ua nyuma wenye kisima na jiko la makuti. Babu aliijenga wakati majirani zake wote walikuwa jamaa zake. Baba alipoirithi, majirani walikuwa watu wa kila upande wa nchi, waliokuja kufanya kazi Kipevu, viwandani na kwenye mitambo ya mafuta ambayo moshi wake uliingia hadi kwenye nguo tulizoanika. Vyumba viwili vya nyuma alivipangisha, na hapakupita mpangaji hata mmoja ambaye Baba alimwamini. Msinielewe vibaya. Baba alikuwa mkarimu, mgeni hakutoka kwetu bila kula. Lakini mgeni akishaondoka, Baba alipita akihesabu vijiko. Aliamini muuza maziwa anatia maji, kinyozi anamkata nywele vibaya makusudi ili arudi upesi, na fundi yeyote anayefungua kitu cha mtu lazima atoe kizuri kilichomo atie kibovu. Hilo la mafundi aliliamini kama alivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Alikuwa na gari aina ya Pijo, jeupe, la zamani, na ndani ya gari hilo kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko gari lenyewe. Kilikuwa ni amplifaya, sanduku jeusi la bati lenye ukubwa wa biblia ya wapangaji wetu, lililofungwa chini ya dashibodi upande wa abiria. Ami yangu baharia aliileta kutoka ughaibuni, na hata ilipofika kwetu haikuwa mpya, ilikwisha kutumika kwenye gari la mtu mwingine huko ilikotoka. Mbele yake ilikuwa na vitufe vinne vya fedha vya kuzungusha. Kimoja kilikuwa cha kuongeza na kupunguza sauti, kimoja cha sauti nyembamba, kimoja cha sauti nzito, na cha nne cha kugawa sauti kati ya spika za kushoto na za kulia. Kile cha kwanza kilikuwa na namba kuanzia sufuri mpaka kumi, na Baba alikiweka kwenye sita. Sikumbuki kukiona kwenye namba nyingine. Sita ndiyo ilikuwa sauti ya Baba, na mtu mwingine asingeweza kugusa.

Kwa sababu ya amplifaya ile, Pijo letu ndilo lililobeba mabwana harusi. Kutoka Chaani hadi Mikindani, kijana akioa, watu walikuja barazani kumwomba Baba. Gari lilifungwa maua ya karatasi, vioo vikashushwa, kanda ya taarabu ikatiwa, na Baba akaendesha polepole amevaa kanzu na koti, akijifanya hasikii vigelegele. Mimi nilikaa nyuma kwenye harusi za watu wa karibu, nikaona watu wakitoka madukani kutazama. Sijui kama kulikuwa na kitu kingine maishani mwake kilichompa fahari ile. Bandarini alikuwa karani miongoni mwa makarani.

Basi ndipo amplifaya ikaanza kukwaruza. Mwanzo ilikuwa kidogo tu, Baba akizungusha kitufe, spika zinatoa sauti ya dagaa wanaokaangwa. Halafu upande wa kushoto ukawa unazima wenyewe, Baba anagonga kitufe kwa kidole, unarudi. Aliyavumilia hayo mpaka siku ya harusi ya mtoto wa mwalimu wa madrasa, tulipofika mbele ya nyumba ya bibi harusi, watu wamejaa njiani, na muziki ukazima kabisa. Kimya. Baba akainama kugusa kitufe, na sauti ikarudi kwa kishindo kikubwa hata mtoto mmoja akaangua kilio na bwana harusi akaruka kitini. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani, lakini Baba alirudi nyumbani amepandisha vioo vyote. Alipozima injini aliniuliza, bila kunitazama, kama nilimwona mtu yeyote aliyelisifu gari siku ile bila kusema mashallah.

Nilimtajia watu watatu. Sikuwa na hakika na hata mmoja, lakini aliuliza kwa namna ya kunihitaji, nami nilipenda kuhitajiwa. Tangu wiki ile, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, gari lilifukizwa ili kulikinga na jicho la hasidi. Mimi ndiye niliyechukua makaa jikoni nikayatia kwenye chetezo, na Baba akanyunyiza ubani na vipande vya udi, akaweka chetezo sakafuni mbele ya kiti cha abiria, akapandisha vioo vyote na kufunga milango. Moshi ulijaa mpaka usukani haukuonekana. Mama alisimama mlangoni na upawa mkononi akasema, "Baba Mwanasha, utakuja kulichoma gari la watu." Baba akamjibu kwamba gari si la watu, ni lake, na ndiyo maana watu wanalionea kijicho. Chetezo kilikaa palepale kila wiki, chini ya amplifaya, shubiri moja na nusu kutoka kwenye vile vitufe vinne. Hakuna aliyelitazama jambo hilo kwa jicho jingine, hata mimi niliyekuwa nikikiweka.

Mkwaruzo haukupungua. Uliongezeka, na kadiri ulivyoongezeka ndivyo Baba alivyoongeza ubani. Ikawa mara mbili kwa wiki.

Chumba cha mwisho upande wa ua alikaa fundi Musyoka na mkewe na watoto watatu. Alikuwa Mkamba, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, mchana akifanya kazi kwenye karakana ya malori njia ya Miritini, na Jumamosi akitengeneza radio na pasi za majirani. Alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu. Ukimpa radio iliyokufa, kabla hajashika bisibisi, huinua akainusa nyuma yake, akasema, "Hii imeungua," au "Hii haijaungua." Alikuwa pia na tabia ya kucheka peke yake akiwa kazini, na hii Baba hakuipenda hata kidogo. Mtu anayecheka na bati, alisema, ana siri na bati hilo. Binti yake mkubwa, Mbithe, alikuwa rika langu na darasa moja nami, na kwa kuwa nyumbani kwetu sikuwa na ndugu wa kike, yeye ndiye aliyekuwa ndugu. Tulisukana nywele, tukala sahani moja, na jioni tulikaa chumbani kwao tukisikiliza radio yao, radio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, ambayo mama yake aliifunika kwa kitambaa cha uzi kilichofumwa kwa mkono. Kila aliyeingia chumba kile alionyeshwa radio kabla ya kuonyeshwa kiti.

Mama ndiye aliyesema amplifaya apewe Musyoka. Kulikuwa na harusi nyingine inakuja, ya jamaa zetu wenyewe, na fedheha ya pili isingestahimilika. Baba alikubali kwa sharti alilolijua yeye peke yake. Ijumaa adhuhuri, baada ya sala, aliifungua amplifaya mezani, akanitaka nichukue rangi ya kucha ya shangazi yangu. "Ndoo hapa, Mwanasha," akaniita. "Wewe mkono wako hautetemeki." Nikaja, nikatia nukta moja nyekundu juu ya kila kitu kilichokuwamo mle ndani, kikubwa kwa kidogo, na nukta moja moja kwenye migongo ya vile vidude vinne ambavyo vitufe vyake vilitokeza mbele. Baba alisimama nyuma yangu akinihesabia. Tulipomaliza, sanduku lile ndani lilipendeza, lilikuwa na madoadoa kama manyoya ya ndege kanga. Akafunika. Kesho yake, akaniambia, nikae barazani Musyoka atakapokuwa anafanya kazi, nijifanye nacheza na Mbithe, na nisiondoe macho. "Macho yako ndiyo yangu," alisema. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Nilikaa basi, na nikiri kwamba ile Jumamosi ilikuwa mojawapo ya siku nzuri za utoto wangu. Musyoka alileta betri ya lori barazani, akaunganisha amplifaya na spika mbili, akatuita mimi na Mbithe karibu. Kwanza alizibadilisha nyaya, spika ya kushoto akaipeleka kulia. Kimya kilichokuwa kushoto kikahamia spika ya pili. "Mnaona? Spika hazina makosa," alisema. "Ugonjwa uko ndani ya hii sanduku." Halafu akatuambia tufumbe macho tusikilize, naye akazungusha vitufe kimoja baada ya kingine, polepole sana. Alitufundisha kwamba kitufe kinachokwaruza mwanzo hadi mwisho, kisha kikapungua ukikizungusha mara nyingi, hicho ni kichafu tu, kitasafishwa kipone. Lakini kinachonyamaza palepale kila mara, hata ukizungusha mara mia, hicho kimelika. Vitatu vilikwaruza kote. Kile cha sauti kilikuwa kizuri mpaka tano, kikafa, kikafufuka karibu na saba. Mbithe ndiye aliyefumbua macho kwanza akasema, "Kimekufa kwenye sita." Baba yake alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

Alipofungua, aliona nukta zetu. Najua aliziona kwa sababu alikaa kidogo akizitazama, lakini labda alidhani ndivyo zilivyotoka kiwandani, maana hakuuliza. Akanusa. Akanusa tena, akageuka akanitazama na kutabasamu, nami nikaona aibu bila kujua ya nini. Alizungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye spiriti, akaipitisha ndani ya kidude cha kwanza kati ya vile vitatu, juu ya ule mduara mweusi ambao ulimi mdogo wa chuma huteleza juu yake. Pamba ilitoka na rangi ya chai ya rangi, na inanata. Akatupa, akachukua nyingine, ikatoka vilevile. Alitumia pamba nyingi sana siku ile. Vile vitatu vilipokauka vilizunguka bila kelele yoyote. Kile kilichobaki, cha kuongeza sauti, alikifungua akatuonyesha mahali ulimi wa chuma ulipokaa miaka yote kwenye namba sita ya Baba, mduara mweusi ulikuwa umekwisha, pamebaki weupe. Alisema wako mafundi ambao wangesugua penseli pale, ikalia wiki moja, kisha wakaitwa tena. Akafikiri. Akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa muda. Alipotoka alikuwa na kidude kingine mkononi. Akakiunga kwa risasi aliyoiyeyusha mahali pa kile kilicholika, na kile cha zamani akakitia kwenye mfuko wa shati lake.

Jioni ile amplifaya ilirudishwa garini, na jamani, ilivyolia! Baba alikizungusha kitufe kutoka sufuri hadi kumi na kurudi, akakizungusha tena, na uso wake ukalainika nikamwona alivyokuwa kijana. Alimshika Musyoka mkono kwa mikono yake miwili. Ingeishia pale, hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini Musyoka alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akishatengeneza hupenda kukwambia kilichoharibu. Alisema kwa adabu, ameinamisha kichwa, "Mzee, kitu moja tu. Hiyo ubani ufukizie nyumba, ama nguo. Kwa gari uache. Ile moshi inaingia ndani inaganda. Hiyo ndiyo ilikuwa inasumbua."

Nilikuwa nimesimama hapohapo nikauona mkono wa Baba ukiacha mkono wa Musyoka. Alisema ahsante, amesikia. Akaingia ndani, akakaa kitandani, akaniita. "Abee, Baba." Akafunga mlango. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kwa nini mtu anataka niache kujikinga? Nani hunufaika nikiacha?" Kisha akaniuliza swali lililokuwa likinisubiri tangu asubuhi. "Uliona nini?"

Nikamwambia niliyoyaona. Kwamba aliingia chumbani akafunga mlango, kwamba alitoka na kidude kingine, kwamba cha kwetu alikitia mfukoni. Yote hayo yalikuwa kweli. Baba alikuwa ameniinamia, macho yake hayajawahi kunitazama kwa makini namna ile, na nikaogopa kwamba nimemaliza na atageuka aondoke. Ndipo nikaongeza. Nikasema, "Kwanza alitazama huku na huku." Hakutazama huku na huku. Alikuwa akicheka na Mbithe wakati anakitia mfukoni. Lakini maneno yalikwisha kutoka, na Baba aliitikia kwa kichwa taratibu, akanigusa shavu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Musyoka na mkewe walikwenda kanisani na watoto wawili wadogo, Mbithe akabaki na homa kidogo. Niliingia kumtazama kama kawaida yangu. Chumba kilikuwa kimya, na nilifika katikati kabla sijajua kilichopungua. Kile kitambaa kilichofumwa kilikuwa kimeshushwa hadi mbele, kimefunika uso wote wa radio. Nikakiinua. Penye kitufe cha sauti palikuwa na tundu, na nyaya tatu fupi zinachungulia. "Baba amekitoa akatia kwa amplifaya yenu," Mbithe alisema kutoka kitandani. "Amesema ni saizi moja. Jumamosi atapeleka kile cha zamani mjini kama mfano, atafute kingine." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekwambia kuku ametaga. Kisha akaniomba nimwimbie, kwa kuwa radio haikuwapo. Nikamwimbia. Mpaka leo nakumbuka niliimba nikiwa nimekaza macho kwenye kile kitambaa.

Nilikuwa na mchana kutwa wa kumwambia Baba. Alikuwa barazani. Nilimpelekea kahawa, nikamwondolea kikombe. Mara mbili nilifungua kinywa. Lakini kusema kuhusu tundu kungevuta maswali, na maswali yangefika kwenye yale maneno niliyoyaongeza, na Baba angejua kwamba macho aliyoyaamini yalimdanganya. Kati ya watu wote wa duniani, mimi ndiye pekee ambaye Baba alimwamini. Nikanyamaza nikijiambia kwamba watu wazima watajua wenyewe.

Jumatatu alasiri Baba aliifungua tena amplifaya barazani, akamsubiri Musyoka atoke kazini. Alimkaribisha, hata kiti akampa. Kisha akamwonyesha. "Kila kitu changu nimekitia alama, Musyoka. Hiki hakina. Changu ki wapi?" Musyoka alitazama nukta nyekundu, safari hii kwa muda mrefu. "Kumbe ni nyinyi mliweka rangi," akasema polepole. Akatoa kile kidude mfukoni mwa shati, kikiwa na nukta yake, akakiweka juu ya baraza. Mimi moyo ulitulia, nikadhani yamekwisha. Lakini Baba alikigeuza mkononi, akasema, "Sasa umeshajulikana ndipo unakileta. Na hiki ulichonitilia umekitoa wapi?" Musyoka akajibu, "Nilikuwa nayo." Baba akacheka kicheko kikavu. Hakuna mtu, alisema, anayetoa kizima chake akampa mwenzake bure akachukua kibovu. Kuna kitu ndani ya kidude hiki. Au kuna kitu ndani ya kile alichokichukua. "Na kama ni halali," akamalizia, "mbona ulitazama huku na huku kabla hujakitia mfukoni?"

Musyoka alikuwa ameanza kueleza. Mdomo ulikuwa wazi. Aliposikia hayo aliufunga, akauliza, "Nani amesema?" Baba hakujibu, na hakukuwa na haja, kwa sababu Musyoka alikwisha kugeuka akanitazama, na Mbithe, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi na shuka mabegani, akanitazama pia. Hakuwa na hasira. Alikuwa akisubiri. Alijua kwamba nimeliona tundu, alijua kwamba neno langu moja tu lilitosha, Baba angetembea hatua kumi na tano ukumbini akalione kwa macho yake. Alinisubiri niseme. Nilitazama vidole vyangu, na kwenye ukucha wa kidole gumba palikuwa na tone la rangi nyekundu ambalo halikutoka tangu Ijumaa. Musyoka naye hakusema. Zamani nilidhani ni kiburi. Sasa nina watoto, nadhani ninaelewa kwa nini mtu aliyeitwa mwizi mbele ya binti yake asingesimama kuonyesha kwamba amemnyima binti huyo radio kwa ajili ya anayemwita mwizi. Alisema tu, "Sawa, mzee." Baba akamwambia ampishe chumba chake mwezi utakapokwisha.

Walihama mwezi ulipokwisha, asubuhi, kwa mkokoteni, kuelekea Miritini. Mama alilia jikoni na hakumpikia Baba chai siku ile. Radio ilikuwa juu ya magodoro, imefungwa kwa kamba, bila kitambaa chake, na lile tundu lilikuwa wazi kwa kila mtu. Baba alisimama barazani akihesabu vitu vinavyotoka kwenye nyumba yake. Macho yake yalipita juu ya radio ile yakaenda kwenye ndoo. Mbithe alipita karibu nami akibeba sufuria kichwani, na hakunisemesha, wala shuleni hakuonekana tena.

Chetezo kilirudi chini ya dashibodi Alhamisi ya wiki ileile, safari hii kujikinga na Musyoka. Harusi ya jamaa zetu ilipita salama, na mbili nyingine. Kisha mkwaruzo ukarudi, mdogo kwanza, na Baba akaniita nisikilize. "Umeona?" akaniambia, na katika sauti yake kulikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyejua tangu mwanzo. "Ametufanyia." Baada ya hapo alikuja fundi wa Mikindani, akashukiwa, na fundi wa Kisauni, akashukiwa. Mwishowe hakupewa mtu tena. Maharusi wakatafuta gari jingine, na Baba akazeeka akiwa na orodha ndefu ya watu waliomharibia. Musyoka alikuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo mpaka siku Baba alipofariki. Sikumwambia. Hata alipokuwa mgonjwa, nimekaa kando yake nikimpepea, sikumwambia.

Gari liliuzwa, amplifaya nikaachiwa mimi kwenye boksi. Mwaka huu ndio niliifungua. Nukta zangu zilikuwamo zote, zimefifia kidogo, hakuna hata moja iliyopungua isipokuwa ile niliyoijua. Nilizungushia pamba kwenye njiti, nikachovya kwenye spiriti, nikafanya kama nilivyofundishwa barazani. Pamba ikatoka na rangi ya chai, nikaiweka puani, ikanuka Alhamisi. Nilipoiunga kwenye betri na spika, vitufe vyote viliacha kukwaruza. Kile kisicho na nukta, cha radio ya Mbithe, kilizunguka kutoka sufuri hadi kumi bila kukwama mahali popote.

Sasa naishi Mikindani, si mbali. Nyumba yetu ya Magongo tuliivunja tukajenga ghorofa ya wapangaji, na wapangaji hao siwajui hata majina. Treni mpya inashusha watu Miritini, na mara kadhaa nimesimama pale nikitazama nyuso za wanawake wa umri wangu, nikijua kwamba hata nikimwona sitamtambua. Getini kwangu nimeweka kamera mbili. Naweza kukaa ofisini nikaona kwenye simu nani ameingia, nani ametoka na mfuko gani. Baba angeipenda sana kamera. Mimi nilijisifu kwamba sifukizi gari wala simtuhumu mtu kuwa na jicho, nikajiona nimetoka mbali naye.

Wiki mbili zilizopita chaja ya simu ilipotea. Kadzo, msichana anayenisaidia nyumbani, alikuwa anakwenda kwao Kaloleni mapumziko, na jikoni hakuna kamera. Nikamwita binti yangu Rukia, ana miaka kumi, nikafunga mlango. Nikamwinamia nikamuuliza, kwa sauti ya chini, "Uliona nini?" Akaniambia alimwona Kadzo akitia kitu kwenye mfuko wake. Nikaendelea kumtazama. Nilimwona akifikiri, akinisoma uso, akitafuta cha kunipa. Kisha akasema, "Kwanza alitazama huku na huku, Mama."

Nilikaa kitandani. Niliyajua maneno yale mahali yalikozaliwa. Nilikwenda jikoni nikamuaga Kadzo, nikamtakia safari njema, na mfuko wake sikuutazama. Niliporudi nilimkalisha Rukia karibu nami nikamwambia habari za Mbithe, tangu rangi ya kucha mpaka mkokoteni, na sikujipunguzia chochote. Nilipofika mwisho aliniuliza ni lini basi nilisema kweli, nami nikamwambia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.